Les Feuilles mortes unasema nini hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kifaransa jioni, Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaokuja darasani wakitoka kazini, na kila muhula tukifika kwenye vitenzi vya wakati uliopita huwawekea wimbo huu. Ukiisha, darasa hunyamaza kidogo. Halafu linakuja swali lilelile: "Mwalimu, sasa nani alimwacha mwenzake?" Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa darasani na mengine ninayotumiwa kwenye simu usiku na watu walioupata wimbo mtandaoni wakatafuta maana. Nayajibu kwa kuangalia maneno yenyewe, maana utamu wake umejificha kwenye vineno vidogo ambavyo tafsiri za haraka huviruka.

Ni wimbo wa nani, na wa lini?

Maneno ni ya mshairi Jacques Prévert, muziki ni wa Joseph Kosma. Muziki ndio uliotangulia. Kosma aliutunga kwa ajili ya dansi ya jukwaani iitwayo Le Rendez-vous, iliyobuniwa na Roland Petit na kuonyeshwa Paris mwaka 1945. Baadaye mwongozaji Marcel Carné alipotengeneza filamu ya Les Portes de la nuit, iliyotoka Desemba 1946, Prévert, ambaye ndiye aliyeiandika filamu hiyo, akaupa muziki ule maneno. Aliyecheza kama kijana wa filamu ni Yves Montand, na yeye ndiye sauti ambayo watu wengi huihusisha na wimbo huu mpaka leo.

Kosma alikuwa Myahudi kutoka Budapest, Hungaria, aliyehamia Paris mwaka 1933. Wajerumani walipoikalia Ufaransa alikatazwa kufanya kazi yake, akajificha kusini mwa nchi, na marafiki akiwemo Prévert wakamsaidia kuendelea kutunga kwa siri huku majina ya watu wengine yakiwekwa mbele. Montand naye alizaliwa Italia kwa jina la Ivo Livi, na wazazi wake walikimbilia Marseille akiwa mtoto mdogo kwa sababu ya utawala wa Mussolini. Kwa hiyo wimbo ambao dunia nzima huuona ni wa Kifaransa kuliko nyimbo zote ulitungwa na mkimbizi, ukapewa umaarufu na mtoto wa wakimbizi. Ninapenda wanafunzi wangu walijue hilo kabla ya kuanza kuuchambua.

Jina lake ndiyo "majani yaliyokufa"?

Ukitafsiri neno kwa neno, ndiyo. Lakini ukiandika hivyo unamtisha msomaji bure. Kwa Mfaransa, feuilles mortes ni jina la kawaida kabisa la majani yaliyodondoka na kukauka, yale yanayofagiliwa barabarani. Akilitamka hafikirii kaburi, kama wavuvi wetu wanavyosema "maji mafu" bila kumuwaza maiti. Mimi hutumia "majani makavu". Wapo wanaopendelea "majani yaliyopukutika", na sina ugomvi nao, ingawa linakuwa refu mno kuimbika.

Basi nani alimwacha nani?

Hakuna. Na hapo ndipo moyo wa wimbo ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tumezoea nyimbo za kuachana ambazo zina mshtakiwa. Yupo aliyesaliti, yupo aliyefuata mwenye pesa, yupo jirani aliyepeleka umbea. Msikilizaji hukaa kama mzee wa baraza, akipima nani mwenye kosa. Wimbo huu hauna kesi. Usikilize tangu mwanzo hadi mwisho: hakuna mlango uliobamizwa, hakuna mtu wa tatu, hakuna hata siku ya kuagana. Anayetenganisha ametajwa waziwazi, naye si binadamu: *la vie sépare ceux qui s'aiment*, maisha huwatenganisha wapendanao. Kisha linafuata *tout doucement*, taratibu kabisa, halafu *sans faire de bruit*, bila kufanya kelele.

Sasa tazama nyakati za vitenzi. Kupenda kwa wawili hawa kumewekwa katika wakati ambao kwa Kifaransa huitwa imparfait, wakati wa jambo lililokuwa likiendelea. Si "ulinipenda" ya siku moja. Ni "ulikuwa ukinipenda, nami nilikuwa nikikupenda", kama mtu asemavyo "zamani tulikuwa tukiishi Magomeni". Mara, kitenzi cha kutenganisha kinaruka na kuingia wakati uliopo: sépare. Wanafunzi wengi hudhani ni kosa la kuandika. Si kosa. Kwetu hiyo ni hu-: maisha hutenganisha, kama jua huchwa na maji hupwa. Mapenzi yale yalikuwa yao wawili na yalikuwa na majira yake, lakini kutengana ni jambo la kawaida la dunia, linawapata watu wote, na mshairi amelisema kwa kitenzi kinachomfaa kila mtu.

Kuna kingine ambacho sikukiona mpaka mwanafunzi mmoja aliponiuliza. Prévert hakusema maisha huwatenganisha waliopendana. Amesema ceux qui s'aiment, wanaopendana, sasa hivi. Yaani maisha hayasubiri mapenzi yapoe ndipo yaje kuwagawa watu. Yanawatenganisha wakiwa bado wanapendana. Ukilielewa hilo, swali la nani alimwacha nani linakufa lenyewe.

Mwishoni mwa kiitikio wapenzi hao wanaitwa désunis. Kile kipande cha dés- mwanzoni mwa neno hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na -ua na -uka mwishoni: funga, fungua, ziba, zibuka, fuma, fumuka. Ni watu waliokuwa wameungana, na muungano huo ukafumuka. Darasani huwa nachukua mfano wa pindo la kanzu. Uzi mmoja unalegea leo, mwingine mwezi ujao, na siku utakayolitazama pindo limeshaning'inia. Husemi pindo limefumuliwa, kwa sababu hakuna aliyelifumua. Unasema limefumuka. Kiswahili kina bahati ya kuwa na tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, na ndiyo sababu naamini wimbo huu unaingia vizuri katika lugha yetu, mradi mtafsiri asiwe na haraka.

Kwa nini kuna koleo kwenye wimbo wa mapenzi?

Swali hili ndilo linalowachekesha wanafunzi. Ubeti wa kwanza unasema majani makavu se ramassent à la pelle, huzolewa kwa koleo (wengine mnaita beleshi au chepe, ni kitu kilekile). Unaposema mapenzi na kilio, koleo la nini?

Kwanza ni picha halisi. Kwenye miji yenye miti mirefu kandokando ya barabara, majani yakishadondoka huwa chungu kubwa, na wafanyakazi wa jiji huyakusanya kwa makoleo. Si kazi ya ufagio wa chelewa na kizoleo.

Pili ni msemo. Kitu kikizolewa kwa koleo maana yake kipo tele, kipo hadi kinakera. Wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, ambao Kifaransa wamekipata shuleni, huling'amua hili haraka kuliko sisi wa huku. Kwa hiyo mshairi amecheza na maana zote mbili: majani ni mengi kiasi cha kuzolewa, kisha anaongeza kuwa kumbukumbu na majuto nayo ni vivyo hivyo.

Naona hapo Prévert amefanya jambo la ujasiri. Ameyachukua majuto, ambayo kila mshairi huyaweka mahali pa juu, akayaweka chini barabarani, kwenye chungu moja na takataka za asubuhi. Mtu akishakuwa na majuto ya kuzoa kwa koleo, hayamtishi tena. Ni kazi tu ya kufanywa.

Niseme ni wimbo wa "vuli"?

Afadhali usiseme. Vitabu vingi hutafsiri majira yale ya Ulaya kwa neno vuli, kwa kuwa miezi inakaribiana. Lakini vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, mbegu zinatiwa ardhini na kila kitu kinachipua. Yao ni kinyume: mti unavua nguo zote na kusubiri baridi. Ukisema vuli, msikilizaji wa Morogoro anaona shamba la kijani. Sema "majira ya majani kupukutika", ni marefu lakini ya kweli.

Tena neno la majira hayo halimo kabisa katika maneno ya Kifaransa. Prévert hakulitaja. Ametaja majani, upepo wa kaskazini na usiku wa baridi, akatuachia tumalizie wenyewe.

Na huo upepo una mtego wake. Vent du nord ni upepo wa kaskazini, na nimeshasoma tafsiri iliyoandika "kaskazi". Jamani! Kaskazi yetu ni upepo wa Desemba hadi Machi, wa joto, ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Mtu wa pwani akisikia kaskazi anafikiri wageni wanafika. Upepo wa kaskazini wa Ufaransa ni wa baridi, unaingia mifupani, na kwenye wimbo kazi yake ni kuondoa vitu. Andika "upepo wa baridi" na umwache kaskazi apumzike.

Kama unataka kuyaona majani hayo bila kupanda ndege, tafuta mkungu. Majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na kwenye ua wenye mkungu kuna asubuhi unafagia, unageuka nyuma, na yameshaanguka mengine matano. Baada ya kuishi na mti ule ndipo nilipoelewa kwa nini mshairi alichagua majani na si machozi. Jani likianguka halilii. Unasikia mkwaruzo mdogo juu ya saruji, basi.

Mwanzo anasema "tulikuwa marafiki", mwisho anasema "wapenzi". Ni kipi?

Ni vyote. Amis ni marafiki, amants ni wapenzi. Wengine hushtuka kwa neno amant kwa sababu katika Kifaransa cha kila siku linaweza kumaanisha hawara. Katika ushairi halina ubaya huo, ni watu waliopendana tu. Ila ule mwendo wa kuanza na "marafiki" ni mzuri sana. Anayemwambia mwenzake "zile siku tulipokuwa marafiki" anachagua neno la heshima, neno ambalo unaweza kulitumia hata mbele ya watu. Ni kama mzee wetu anayemkuta barabarani mama aliyewahi kumpenda ujanani, akasema tu, "Huyu tulijuana zamani." Wote wawili wanajua uzito wa hiyo "tulijuana".

Anayeimbiwa ni mwanamke au mwanamume?

Katika ubeti wa kwanza na kiitikio, huwezi kujua. Katika ubeti wa pili Kifaransa kinamtoa nje: mpenzi anaitwa jolie na amie, maneno yenye alama ya kike. Kwa hiyo kwenye karatasi ni mwanamume anamkumbuka mwanamke. Hata hivyo wanawake waliuimba mapema sana, Cora Vaucaire na Juliette Gréco miongoni mwao, na wimbo ukawapokea bila taabu.

Kwa Kiswahili tatizo lenyewe halipo. "Ulikuwa mzuri mno, vipi nikusahau?" inaweza kuimbwa na yeyote kumwimbia yeyote. Kuna mambo tafsiri hupoteza, na kuna mahali inapata.

Anasema hajasahau, kisha anasema upepo hupeleka kumbukumbu kwenye usiku wa kusahaulika. Hajipingi?

Anajipinga, na nadhani anajua. Soma tena mpangilio: majani, majuto na kumbukumbu vinachukuliwa na upepo, mara tu baada ya hapo anasema, unaona, sijausahau wimbo uliokuwa ukiniimbia. Vingine vyote vimekwenda. Kimebaki kitu kimoja, nacho ni wimbo.

Halafu kiitikio kinaanza kwa kusema ni wimbo unaofanana nasi. Wimbo gani? Ule aliokuwa akiimbiwa. Kwa hiyo tunachosikiliza ni wimbo kuhusu wimbo, wa pili umekaa ndani ya wa kwanza kama kikombe ndani ya kikombe. Ndiyo sababu hatusikii jina la mpenzi wala umbo la uso wake wala mtaa waliokaa. Upepo ulishavichukua. Tunaambiwa tu alikuwa akiimba.

Serge Gainsbourg aliliona hilo. Mwaka 1961 alitoa wimbo wake unaoitwa La Chanson de Prévert, ambamo mtu anajaribu kumsahau mpenzi wake, lakini kila wimbo wa majani makavu unapopigwa, kumbukumbu zinarudi. Kabla ya kuutoa alikwenda kumwomba Prévert ruhusa. Ni heshima iliyonigusa: mtunzi kijana anabisha hodi kwa mzee kabla ya kuingia kwenye shamba lake.

Filamu yenyewe inaeleza nini? Na ni kweli kwamba ni wimbo wa vita?

Katika maneno yake hakuna vita. Lakini wasikilizaji wa kwanza walikuwa wametoka vitani. Les Portes de la nuit inatokea Paris, usiku mmoja wa Februari 1945, jiji limekombolewa lakini watu wana njaa na baridi, na waliowasaliti wenzao kwa Wajerumani bado wanatembea mitaani. Kijana Diego anakutana na mwanamke aitwaye Malou. Kuna mzururaji anayepiga kinanda cha mdomo, anayejiita Majaliwa, naye anamwambia kila mtu yatakayompata. Kabla ya mapambazuko wawili hao wanapendana, na kunapokucha Malou amekufa kwa risasi ya mumewe. Wimbo unasikika humo vipande vipande tu, mtu akiukumbuka nusu, mwingine akiimalizia.

Filamu ilianguka. Nafasi za mbele zilikuwa zimekusudiwa Jean Gabin na Marlene Dietrich, wakajitoa, zikachukuliwa na Montand na Nathalie Nattier ambao bado walikuwa wachanga. Watazamaji hawakutaka kurudishwa kwenye majira ya baridi waliyotoka kuyavuka. Mgao wa chakula kwa kadi uliendelea Ufaransa hadi 1949, kwa hiyo hata nje ya ukumbi wa sinema baridi ilikuwa haijaisha. Filamu ikasahaulika kwa muda mrefu, wimbo ukatoka humo mzima.

Nikikaa na historia hiyo, neno "maisha" linabadilika. Mwaka 1946 kila nyumba ilikuwa na mtu aliyetekwa, aliyehamishwa, aliyerudi akiwa mwingine. Mwimbaji angeweza kulaumu vita, adui, serikali. Alisema maisha. Kwa watu waliochoka kutafuta wa kulaumiwa, lazima neno hilo lilipoza.

"Autumn Leaves" ninayoijua ndiyo huu huu?

Muziki ni uleule, hadithi si ileile. Mmarekani Johnny Mercer aliandika maneno ya Kiingereza, na amefanya mabadiliko mawili makubwa.

La kwanza: katika Kiingereza mtu ameondoka. Mwimbaji amebaki dirishani, siku zinarefuka tangu mwenzake aende. Yaani swali la wanafunzi wangu, nani alimwacha nani, lina jibu huko. Hakuna ubaya, ni wimbo mzuri wa upweke. Ila ile fumuka tuliyoizungumza imetoweka, na ile bahari ambayo mwishoni mwa kiitikio cha Kifaransa hufuta nyayo za wapenzi mchangani nayo imetoweka.

La pili linahusu sauti. Keti na kinanda, au uombe mtu akupigie kiitikio polepole. Kinaanza na noti tatu zinazopanda ngazi, ya nne inaruka juu na kukaa. Kisha umbo lilelile linarudiwa, ila limeshuka hatua moja. Kisha tena, limeshuka nyingine. Kila mara linajaribu kupanda, na kila mara linaanzia chini zaidi ya lilipoanzia kwanza. Ni jani lenyewe, linapeperuka kidogo juu halafu linashuka. Mercer alisikia hivyo, akaweka majani pale pale. Prévert alifanya tofauti: majani ameyamaliza kwenye ubeti, na juu ya muziki huu unaoshuka ameweka wewe ulikuwa ukinipenda, nami nikikupenda. Wanaoshuka ni watu wawili. Ninaposikiliza Kifaransa, hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusahihisha daftari.

Wapigaji ala waliuchukua bila maneno. Roger Williams aliufikisha namba moja Marekani mwaka 1955 kwa piano. Mwaka 1958 wapigaji jazi Cannonball Adderley na Miles Davis walirekodi toleo la karibu dakika 11 kwenye albamu ya Somethin' Else. Usikilize tarumbeta inavyoingia, imezibwa mdomo, karibu inanong'ona. Sans faire de bruit, hata bila kusema neno.

Je, ni wimbo uleule na Ne me quitte pas?

Hapana, ingawa huchanganywa sana. Ne me quitte pas ni wa Jacques Brel, Mbelgiji, wa mwaka 1959. Mule mtu anaomba, anaahidi makubwa, anajishusha mpaka akubali kuwa kivuli. Kuachwa hakujatokea bado, ndiyo kwanza anakuzuia kwa mikono miwili. Katika Les Feuilles mortes yote yamekwisha siku nyingi, na ombi ni dogo mno: natamani sana ukumbuke. Hasemi urudi.

Naweza kuuimba kwenye harusi?

Nimeulizwa hili mara tatu, mara zote na watu wenye sauti nzuri. Naelewa, muziki ni mtamu na ukumbini wengi hawajui Kifaransa. Lakini bibi harusi wa Goma au wa Moroni atajua. Mwenzangu, chagua mwingine. Kwenye hitma, kwenye kumbukumbu ya mzazi, kwenye jioni ya marafiki wa shule waliopotezana miaka, huko unafaa kabisa.

Nianze kuusikiliza kwa sauti ya nani?

Montand, kwa sababu ubeti wa kwanza anauendesha karibu na mazungumzo, na mwanafunzi anasikia kila neno. Kisha Cora Vaucaire. Jazi iache mwisho, ukishayajua maneno, utayasikia yenyewe chini ya ala.

Kuna tafsiri ya Kiswahili ya kuimbika?

Tunaihangaikia darasani. Dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, ambaye alikuja kujifunza Kifaransa kwa ajili ya wateja wake wa Lubumbashi, alileta mstari huu, nami sikuubadili hata herufi: "Maisha huwatenga wapendanao, taratibu, bila kishindo." Mimi nilikuwa nimeandika "bila kelele" miaka yote. Kelele hupigwa na mtu. Kishindo ni cha kitu kinachoanguka, na yeye alisema, "Mwalimu, jani ndilo linaloanguka bila kishindo."

Mstari wa bahari bado hatujakubaliana. Kifaransa kinasema bahari hufuta nyayo mchangani. Mimi nataka "hufuta". Yeye amekulia Pangani na anasema bahari haifuti, maji yanajaa tu, na yakipwa mchanga unakuwa umelala. Ameniambia niende nikaangalie, na Jumamosi iliyopita nilikwenda Kunduchi saa kumi na moja jioni, maji yakija juu. Nilitembea hatua kumi, nikasimama. Wimbi la kwanza lililainisha kingo za nyayo. La pili liliacha vishimo visivyo na vidole. La tatu sikuona lilichofanya, maana hapakuwa na kitu tena. Jumatatu nitamwambia ana haki, ila sasa tunatafuta neno lenye silabi tatu.